Maini Mapya

Wanasema ng'ombe hazeeki maini.
Huyu wetu alizeeka:
maini manane, mawili mawili chini ya mabawa,
yakikohoa moshi kila alfajiri
hadi mashuka ya Bi Odile, ng'ambo ya uzio,
yakasahau kwamba yalinunuliwa meupe.

Mimi ni Arvella Guidry, fundi,
miaka thelathini na mmoja katika karakana hii hii,
Luisiana, ambako hewa ya Julai
waweza kuikamua kama dekio.
Hapa ndege ya mabomu hatuiiti ile,
twamwita yeye.
Alinitangulia duniani.
Siku mama alipojifungua, baba aliitwa kwenye simu
akiwa tumboni mwa ndege, tochi mdomoni,
akitafuta nati iliyomponyoka.
Akaja hospitali na mikono ya grisi.
Nati hakuipata.
Nimeipata mimi, mwezi wa tatu mwaka huu,
imejibanza nyuma ya bomba, imevaa kutu,
imezunguka dunia bila pasipoti.
Nikaitia mfukoni. Sikuiandika popote.

Injini za zamani tulizishusha kwa winchi.
Kila moja ikitoka, bawa lilipanda kidogo,
kidole, vidole viwili,
kama bega lililotuliwa gunia
na bado haliamini.

Mpya zilifika ndani ya makasha,
zinanukia kama kiatu cha dukani.
Vijana wakapiga nazo picha.
Kipya kinyemi, na sentensi yenyewe haiishii hapo,
lakini nani ana muda wa kuimalizia.
Mhandisi, kijana wa akina Deshotel,
aliyenizidi vyeti, nikamzidi makovu,
alinieleza huku akichora hewani:
mafuta zitakunywa kidogo,
zitanguruma chini kwa chini,
na kiunzi, kwa mahesabu yake, kitatimiza miaka mia.
Miaka mia!
Mama yangu anangoja nyonga ya chuma,
huu ni mwezi wa kumi na moja.
Bima wanasema kwa umri wake
gharama haitarudi.

Jioni nikapita kununua donati kwa Bwana Yoeun,
aliyefika mji huu kutoka Kambodia
ndevu hazijamwota.
Nikamwambia, kama mtu aliyebeba zawadi:
Sasa utalala. Zile kelele za saa kumi usiku, basi tena.
Alikuwa anafuta kaunta.
Akaendelea kufuta pale pale
palipokwisha takata.
"Kule kwetu," akasema, "hatukuwahi kuisikia.
Ilikuwa juu mno.
Shangazi alikuwa anapepeta mchele.
Kilichonguruma ni ardhi."
Kisha akanihesabia donati sita,
akaongeza ya saba, kama kila siku,
na kama kila siku
akakataa niilipie.

Sikuzila. Zilikaa kwenye kiti cha gari
hadi sukari ikatoka jasho.

Jumanne tukawasha ya kwanza.
Nikavua viziba masikio, jambo tunalokatazana.
Ni sauti nyembamba, ya adabu,
ya mgeni anayebisha hodi
na mguu tayari uko ndani.
Nilisikia hata nati ya baba
ikigongana na funguo mfukoni mwangu.
Wenzangu walishangilia. Na mimi nilishangilia,
siwezi kusema sikushangilia:
kazi ilikuwa nzuri, kila parafujo mahali pake,
na mikono ina furaha zake
ambazo haiombi ruhusa.

Ijumaa akapaa.
Niliegemea uzio nikamfuata kwa macho
akipita juu ya mashamba ya pamba, juu ya mto,
mkubwa kama zamani, bila ule mkia wa moshi,
hadi akabaki kitone.

Ng'ambo ya uzio Bi Odile alikuwa anaanika mashuka,
vibanio mdomoni, mgongo kwangu.
Mashuka yalikuwa meupe pe.
Hakuinua macho.